Tarehe na Saa Zilale Chumba Kimoja

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia jambo moja: namna ya kutunza wakati ndani ya kompyuta. Nimechagua nne. Ya Morogoro nimeijibu kwa urefu, maana imenirudisha mahali ninapopajua vizuri.

SWALI: Shikamoo mama. Natengeneza programu ya wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya huku Morogoro, natumia MySQL, programu ya kutunzia hifadhidata. Katika jedwali nimeweka kolamu ya tarehe peke yake na kolamu ya saa peke yake, kama tulivyofundishwa chuoni, ili ripoti za kila siku ziwe rahisi. Mwenzangu anasema tarehe na saa ziwe kolamu moja. Nimeshajaza kumbukumbu za miaka mitatu. Nimsikilize?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize mwenzako, na usisubiri mwezi uishe.

Kabla sijagusa programu yoyote nilikuwa karani kwenye kituo cha afya, na wodi ya wazazi ilikuwa mlango wa pili kutoka mezani kwangu. Daftari letu lilikuwa la jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Juu ya kila ukurasa muuguzi aliandika tarehe mara moja tu, anapoingia zamu saa moja na nusu jioni. Chini yake ni saa tupu: fulani kaingia saa ngapi, kajifungua saa ngapi, mtoto kilo ngapi. Tarehe hairudiwi. Kila aliyefungua ukurasa ule alielewa kwamba saa sita usiku ikishapita tuko siku nyingine. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa hilo.

Ikaja kompyuta, na programu yenye visanduku viwili: Tarehe, Saa. Mimi ndiye niliyekuwa nahamisha daftari. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 15 Agosti 2009, mama mmoja aliingia saa 5 na dakika 40, akajifungua saa 6 na dakika 25. Uchungu wa haraka, mtoto wa tatu. Nikaandika kuingia: tarehe 14, 23:40. Kujifungua: tarehe 14, 00:25, maana tarehe 14 ndiyo iliyokuwa juu ya ukurasa. Programu ikapokea bila kunung'unika. Kwa hesabu yake, mtoto alizaliwa saa 23 na robo kabla mama yake hajafika mlangoni.

Baba mtu alirudi baada ya wiki, tangazo la kuzaliwa mkononi. Hakuja na maneno makali. Alisema tu, "Dada, mwanangu kazaliwa Jumamosi, hapa mmeandika Ijumaa." Nikafungua kompyuta nimwonyeshe kwamba tumeandika sawasawa, na zile saa mbili zikanisuta palepale mbele yake. Karatasi nyingine zilikuwa zimeshakwenda mbele. Kurekebisha kulimchukua safari tatu, kila safari nauli na siku ya kibarua iliyopotea. Mpaka leo nikiona visanduku viwili namkumbuka.

Mkosaji wa kuhamisha nilikuwa mimi. Lakini umbo la jedwali ndilo lililolificha kosa. Kuingia ni tukio moja, na lilitokea kwa wakati mmoja. Ukilikata vipande viwili, kompyuta haina tena habari kwamba 00:25 inakuja baada ya 23:40. Ukiuliza uchungu ulichukua muda gani, inatoa saa kwa saa na kukupa jibu hasi. Ziandike hivi:

aliingia: 2009-08-14 23:40:00
alijifungua: 2009-08-15 00:25:00

Sasa ukitoa moja kwa nyingine unapata dakika 45, bila ujanja wowote. Na lile kosa langu lingejionyesha lenyewe, kwa kuwa kolamu ya pili ingekuwa ndogo kuliko ya kwanza na programu ingeweza kuniuliza. Nasema kuniuliza, siyo kukataa. Wapo kina mama wanaojifungulia njiani, kwenye bodaboda au kwenye bajaji, wakafika kituoni mtoto kashazaliwa. Ukiweka sharti gumu kwamba kujifungua lazima kuje baada ya kuingia, muuguzi mwenye mama kama huyo atadanganya saa ili kompyuta impishe. Weka onyo, na kisanduku cha "alijifungulia njiani".

Hofu yako ya ripoti naielewa, lakini pima mwenyewe. Tuseme mganga mfawidhi anataka walioingia zamu ya usiku ule. Kwa kolamu zako mbili utaandika hivi (WHERE ndilo neno la kuchuja mistari unayoitaka):

WHERE (tarehe = '2009-08-14' AND saa >= '19:30') OR (tarehe = '2009-08-15' AND saa < '07:30')

Kwa kolamu moja:

WHERE aliingia >= '2009-08-14 19:30' AND aliingia < '2009-08-15 07:30'

Ya pili inasomeka kama unavyosema kwa mdomo: kuanzia hapa, kabla ya hapa. Na ukiitengenezea kolamu hiyo faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka kama ile ya nyuma ya kitabu, MySQL inakwenda moja kwa moja kwenye kipande hicho bila kupekua jedwali zima. Ukitaka siku peke yake kwa kuonyesha au kujumlisha, ipo DATE(aliingia), inakung'olea tarehe na kuacha saa. Ila usiivike kwenye WHERE. Ukiandika WHERE DATE(aliingia) = '2009-08-14', unailazimisha kompyuta ikokotoe kila mstari kwanza, na faharasa yako inakaa bure.

Mtego mmoja utakungoja mwisho wa mwezi. Watu wanapenda kuandika BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31', yaani kati ya tarehe hizo mbili. Kwenye kolamu yenye saa, hiyo 31 inasomwa kama saa sita kamili ya usiku unaoianza siku hiyo, basi wote waliojifungua tarehe 31 kuanzia sekunde inayofuata wanaachwa nje. Ripoti inapungua siku nzima na hakuna anayeshtuka, kwa sababu namba inaonekana ya kawaida. Andika >= '2024-03-01' na < '2024-04-01'. Usijaribu 23:59:59, ipo siku mtu ataongeza sehemu za sekunde kwenye kolamu.

Aina ya kolamu: MySQL inakupa DATETIME na TIMESTAMP. TIMESTAMP inahesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa baiti nne, na hesabu hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia. Kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mtoto aliyezaliwa wodini kwako mwaka 2024 atakuwa bado na miaka 13 au 14. DATETIME inafika mwaka 9999. Kituo kimoja, mji mmoja, nchi isiyosogeza saa majira ya joto wala ya baridi: chukua DATETIME, andika saa za Tanzania, na uliseme hilo waziwazi kwenye maelezo ya jedwali ili atakayekurithi asibahatishe.

Sasa ile miaka mitatu. Ongeza kolamu mpya, kisha:

UPDATE wazazi SET alijifungua = TIMESTAMP(tarehe, saa);

Hiyo TIMESTAMP hapo ni amri ya kuunganisha tarehe na saa, siyo ile aina ya kolamu. Usifute za zamani bado. Kwanza toa orodha ya waliojifungua kati ya saa sita usiku na saa moja na nusu asubuhi, keti na daftari la karatasi, mstari kwa mstari. Humo ndimo mtakuwa na watoto waliopewa tarehe ya juu ya ukurasa. Wengine walihamishwa vizuri na wengine vibaya, kulingana na nani alikuwa zamu, kwa hiyo usiwasogeze wote siku moja kwa amri moja ukadhani umemaliza. Ni kazi ya kuchosha. Lakini kila mstari pale ni cheti cha mtu.

Ambapo saa haikuandikwa kabisa, amri hiyo itaacha patupu, na paache hivyohivyo. Vijana wengi hujaza 00:00:00 ili kolamu isikae wazi. Hapo umeandika kwamba mtoto alizaliwa saa sita usiku kamili, na baada ya mwaka hakuna atakayejua kwamba ulikuwa unakisia. Hapa ndipo kolamu zako mbili zilikuwa na faida, nakubali: tarehe inajulikana, saa haijulikani. Kwa hao tu, iache kolamu ya tarehe ya zamani iendelee kusema inachokijua.

La mwisho, na kwa wodi yako ndilo naliona kubwa: kisanduku cha kujazia. Muuguzi anafikiri kwa saa za Kiswahili. Saa 2 usiku ataandika 2:00, na kompyuta itaelewa usiku wa manane. Usimlaumu, na usimpe semina. Mpe orodha ya kuchagua: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, kisha saa 1 hadi 12. Programu ndiyo igeuze. Na kabla hajabonyeza hifadhi, mwandikie sentensi nzima: "Usiku wa kuamkia Jumamosi 15 Agosti, saa 6 na dakika 25." Hilo "kuamkia" usiliache. Ukisema "usiku wa Ijumaa", mzee wa Pwani anasikia Alhamisi baada ya magharibi, na kijana anasikia Ijumaa yenyewe. "Kuamkia" inaeleweka na wote wawili. Wakati wa kuonyesha, njia ya kurudi kwenye saa zetu ni nyepesi: chukua saa iliyohifadhiwa, ongeza 6, gawa kwa 12, baki ndiyo saa, baki likiwa sifuri ni saa 12. Saa 20 ukiongeza 6 ni 26, baki 2.

SWALI: Mama, naandika programu ya wanachama wa SACCOS hapa Kigoma. Tarehe za kuzaliwa zikishahifadhiwa zinarudi nyuma siku moja. Aliyezaliwa 12 Juni 1990 anasomeka 11 Juni. Siyo wote, ni wale tu tuliowasajili kwa simu.
Msomaji, Kigoma

JIBU: Hili ni kinyume cha la Morogoro, na nimefurahi limekuja mwezi huohuo.

Programu ya simu imepewa tarehe tupu, ikaiongezea saa ambayo hakuna aliyeitaja: 12 Juni 1990, 00:00, saa za Afrika Mashariki. Kisha ikaigeuza kwenda UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Ikawa 11 Juni, 21:00. Seva ikachukua tarehe, ikatupa saa. Siku imeibwa hivyo.

Wodini kujifungua ni tukio, lina dakika yake, na nimemwambia kijana wa Morogoro aunganishe. Tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu yako ya uanachama ni siku ya kalenda, haina saa wala haihitaji. Tumia DATE, aina ya kolamu ya tarehe tupu. Kutoka simuni itume kama maandishi, 1990-06-12, mwaka kwanza, mwezi, siku. Isipitishwe kwenye kitu chochote chenye saa ndani yake. Kwa walioharibika, toa orodha ya waliosajiliwa kwa simu peke yao na uthibitishe na vitambulisho vyao. Utakuta karibu wote wanahitaji siku moja mbele, lakini wapo ambao karani alishaona kosa akawarekebisha kwa mkono, na hao ukiwasogeza utawaharibu upya.

SWALI: Assalaam alaikum dada. Nasafirisha mizigo ya jamaa kutoka Ruwi, Muscat, kwenda Unguja. Programu yetu inatumia hifadhidata ya PostgreSQL. Mzigo niliopokea mimi tarehe 2 Mei saa 00:20, ofisi ya Unguja inauona tarehe 1 Mei saa 23:20. Wateja wanauliza nani anasema kweli. Je, tuhifadhi saa za Oman au za nyumbani?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaikum salaam kaka. Nyote mnasema kweli, na programu yenu inafanya kazi yake. Oman iko mbele ya UTC kwa saa 4, Zanzibar kwa saa 3. Mlichokihifadhi ni kitu kimoja, 1 Mei saa 20:20 za UTC, na kila ofisi inakionyeshwa kwa saa yake.

Kwa hiyo msihifadhi za Oman wala za nyumbani. Aina ya kolamu yenu iwe TIMESTAMPTZ, na iacheni ibebe UTC. Jina lake linadanganya watu: wengi hudhani linatunza ukanda wa saa pamoja na wakati. Halitunzi. Linachukua ulichoandika, linakigeuza kuwa hesabu ya sehemu za milioni za sekunde tangu tarehe 1 Januari 2000, baiti nane, basi. Habari kwamba mzigo ulipokelewa Muscat imeshapotea hapo. Kama risiti ya mteja lazima isome saa ya mahali pa kupokelea, na naona ni haki yake, weka kolamu nyingine ya maandishi: Asia/Muscat au Africa/Dar_es_Salaam. Risiti ichape kwa ukanda huo na iutaje: "2 Mei, 00:20, saa za Muscat." Maswali ya wateja yataisha.

Mizigo iliyokwisha kupokelewa ni rahisi, maana imekwisha tokea. Miadi ya mbele ni jambo jingine. Ukimwahidi mtu "njoo uchukue tarehe 20 Novemba saa 3 asubuhi Unguja", ahadi ni ya saa ya ukutani ya Unguja, hata serikali ikiamua kubadili saa kabla ya siku hiyo. Usione kama haitokei kwetu. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa nzima tarehe 1 Februari 2021, ikatoka kwenye saa zetu za +3 ikaenda +2. Ilipogonga saa sita usiku, Juba ikarudi 23:00 ya tarehe 31 Januari. Saa ile ikapita mara mbili. Aliyekuwa amehifadhi miadi ya Juba ya mwezi Machi kwa UTC kabla ya tangazo, watu wake waliandikiwa wafike saa moja mapema kuliko walivyoahidiana. Kwa miadi, hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la mahali, na ugeuze siku ikifika.

SWALI: Mwalimu, salaam. Nina duka la vipuri Mwembe Tayari, Mombasa. Mhasibu wangu wa zamani ameniachia faili la mauzo, na kwenye kolamu ya wakati kuna namba tu, mfano 45292.75. Nataka kuzihamishia kwenye hifadhidata yangu mpya. Zimeharibika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hazijaharibika, ndugu yangu. Ni tarehe na saa katika namba moja, kwa namna ambayo Excel imekuwa ikizitunza siku zote. Sehemu nzima ni idadi ya siku, na desimali ni kipande cha siku kilichopita tangu saa sita usiku. 0.25 ni saa 12 asubuhi, 0.5 ni adhuhuri, 0.75 ni saa 12 jioni. Hiyo 45292.75 ni Jumatatu tarehe 1 Januari 2024, 18:00. Uliuza kitu siku ya mwaka mpya jioni.

Hesabu kuanzia 30 Desemba 1899. Excel yenyewe husema siku ya 1 ni 1 Januari 1900, lakini ilirithi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya hesabu iliyoitangulia, tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo kwenye kalenda, na kwa ajili ya hiyo mwanzo unasogea nyuma kwa mauzo yote ya zama zetu.

Usilinganishe desimali zenyewe. Saa 2 asubuhi ni theluthi ya siku, 0.3333 isiyo na mwisho, na kompyuta inaikata mahali fulani. Mauzo mawili ya dakika ileile yanaweza kuonekana tofauti. Zidisha desimali kwa 86400, ambazo ni sekunde za siku, kisha uikadirie kwa amri ya ROUND ipate namba kamili iliyo karibu. Kwa yako ni 64800. Kwenye MySQL:

'1899-12-30' + INTERVAL 45292 DAY + INTERVAL 64800 SECOND

Kabla hujahamisha lote, tafuta risiti moja ya karatasi unayoiamini na uilinganishe na mstari wake. Ukikuta tarehe zimerudi nyuma miaka minne na siku moja, faili hilo linahesabu kuanzia mwaka 1904, kama yalivyokuwa mafaili ya Excel ya Mac za zamani. Ongeza 1462 kwa kila namba, kisha ujaribu tena na risiti ileile.